Mstari Nilioufuta

Usiku mmoja wa Juni 2019, wenzangu wote wakiwa wamekwenda nyumbani, nilifungua programu ambayo sikuitunga mimi. Mstari wake wa kwanza ulikuwa na jina la kijana mmoja, namba yake ya simu, na maneno haya: Kolwezi, 2 Juni 2019. Niliuchagua mstari ule, nikaufuta. Kisha nikaihifadhi programu, nikamtumia mkurugenzi, nikamwandikia kwamba tatizo la mizani limekwisha. Sikusema ni nani aliyelimaliza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Haya ya kwangu nimeyaficha vya kutosha. Nayatoa leo kwa sababu vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, hata wa Likasi, huja kwangu na swali moja: "Mama, ili niwe mtunga programu, ni lazima nisome enformatiki chuo kikuu?" Wananiuliza mimi kwa kuwa nimeisomea kazi hii na nimeajiri watu kwa miaka mingi. Siwezi kuwajibu vijana hawa huku nimelikalia nililomtendea mwenzao.

Kolwezi ni mji uliozaliwa na shaba. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliuanzisha mwaka 1937 uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Mwaka 1967 migodi ile ikawa ya taifa, chini ya kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, sisi ndio mji mkuu wa mkoa wa Lualaba. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Congo, na ardhi yetu hii ndiyo inayotoa sehemu kubwa. Usiku na mchana malori hupakia sahani za shaba na mifuko ya kobalti, yakashika njia ya Likasi na Lubumbashi hadi mpakani Kasumbalesa, kisha Zambia, na mengi yao yakaishia bandarini Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka, kila lori hupanda mizani. Namba inayotoka pale ndiyo mgodi unayohesabia mali, ndiyo Serikali inayodaia kodi, ndiyo mwenye lori anayolipiwa. Ikiandikwa vibaya, kuna mtu atakayelala na njaa.

Sheria ya Februari 2017 iliagiza kwamba kazi ambazo kampuni kubwa, migodi ikiwemo, huzigawa kwa kampuni nyingine, zile tunazoziita sutretansi, zipewe kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake iko mikononi mwa Wakongo. Kampuni nyingi zilifunguliwa. Mimi nilikuwa mkuu wa idara ya kompyuta katika moja ya kampuni za namna hiyo, iliyokuwa ikishughulika na mizani na hesabu za safari za malori. Sitaitaja, kwa maana kosa ninalolisimulia si lake, ni langu.

Msomaji wa mbali aelewe pia jinsi tunavyopimana huku kwetu. Elimu ya mtu huandikwa kwa herufi na namba. A2 ni aliyemaliza shule ya ufundi ya sekondari na kufaulu mtihani wa Serikali. Kwa mfumo wa zamani wa vyuo, tuliosomea sisi, A1 ana gradua, miaka 3 ya chuo. A0 ana lisansi au uinjinia wa mfumo huohuo, miaka 5 na kuendelea. Matangazo ya kazi hubandikwa kwa lugha hiyo, na mtu hujitambulisha kwayo: "Mimi ni A2, Mama," kama vile anakutajia kijiji cha baba yake.

Mimi ni A0. Nataka nieleze nilivyoipata, kwa sababu kosa langu lilitokea humohumo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo mizito katika gereji moja hapa mjini. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, mpini wake sikioni, anasikiliza, halafu anasema ni beringi ipi imekwisha. Mainjinia vijana walikuja kumwuliza, wakarudi ofisini kuandika ripoti kwa majina yao. Yeye alibaki fundi mpaka alipostaafu. Jioni, akinawa grisi kwa sabuni ya unga, aliniambia: "Mwanangu, soma. Bila karatasi watu watakula jasho lako na hutakuwa na pa kusemea."

Nikaenda Lubumbashi, nikasoma miaka 5. Niliporudi na kuingia kazini kwa mara ya kwanza, mtu mmoja aliniuliza mimi ni sekretari wa nani. Nilimwonyesha diploma yangu, na tangu siku ile hakuniuliza tena. Karatasi ile ilinisemea mahali ambapo sauti yangu isingesikika. Siidharau hadi leo. Katika mji ambao kazi nyingi hupita mikononi mwa wajomba na mabinamu, diploma humpa asiye na mtu mkubwa kitu cha kushika mkononi. Niliyajua hayo vizuri. Niliyasahau ya baba tu, na bisibisi yake.

Kijana ambaye jina lake nililifuta alikuwa karani wa siku pale mizani. Kazi yake ilikuwa kusimama na daftari, kuandika namba ya lori, saa, uzito na jina la dereva, akilipwa kwa siku aliyofika. Alikuwa A2 wa umeme. Programu alijifunza kwenye simu: usiku alinunua mega za intaneti, akapakua masomo ya Python, akayasoma mchana kati ya lori na lori. Alikuwa na kompyuta ya mkononi aliyoinunua sokoni ikiwa imetumika, betri yake imekufa, hivyo iliwaka palipo na umeme tu. Umeme ukikatika, nayo inazimika papo hapo.

Mwezi Machi mwaka 2019 tulikuwa tumefunga mtambo mpya wa kupimia. Kuanzia hesabu ya kwanza ukazuka ugomvi. Wenye malori walileta stakabadhi zao, na idadi ya safari zao ilizidi mno ile iliyotolewa na kompyuta. Zaidi ya theluthi ya safari za Machi hazikuonekana. Aprili hivyohivyo, Mei hivyohivyo. Ofisini tulisema madereva wanagushi stakabadhi. Madereva walisema tunawaibia. Mimi na vijana wangu wawili wenye diploma tulikagua waya, tukakagua mtandao, tukabadilisha kompyuta nzima. Tulikuwa tunatafuta mahali safari zinapopotelea.

Mwishoni mwa Mei tulibandika tangazo: anatafutwa mtunga programu, A0, mwenye uzoefu wa miaka 3. Jumatatu tarehe 3 Juni kijana yule alibisha mlangoni pangu, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la uwanja wa malori.

"Mama Shefu, ninaiomba ile nafasi."

"Una karatasi gani?"

"A2, Mama. Lakini kuna kitu nimekitunga kuhusu malori. Ninaomba ukiangalie kwanza."

"Tangazo linasema A0, mwanangu. Kalete A0, ndipo tuzungumze."

Hakubishana. Aliweka flashi ndogo mezani, akasema, "Basi nitaiacha hapa, Mama," akatoka. Mazungumzo yote hayakufika dakika 2. Flashi ile ilikaa kwenye droo yangu zaidi ya wiki mbili, chini ya bahasha za watu wa A0 ambao sikumwita hata mmoja kwa wakati.

Niliifungua siku ambayo wenye malori walitishia kusimamisha magari yao yote. Sikuifungua kwa kumwamini. Niliifungua kwa kukosa pengine pa kushika. Ndani mlikuwa na programu, na barua fupi iliyoanza hivi: "Mama, kuanzia tarehe 13 kosa halipo."

Nikasoma mara ya pili. Alikuwa amewauliza madereva, kwa Kiswahili, mmoja mmoja, wakiwa kwenye foleni: safari zako zipi hazikulipwa? Aliandika tarehe zao kwenye daftari lake. Kila safari iliyokosekana ilikuwa kati ya tarehe 1 na 12 ya mwezi. Waliopakia kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi walilipwa sawasawa. Tena kulikuwa na jambo jingine: mwezi wa Aprili, safari za tarehe 4 zilikuwa salama. Mwezi wa Mei, za tarehe 5.

Mtambo mpya uliandika tarehe kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele, siku nyuma. Kompyuta zetu za ofisini zilisoma kwa mtindo wa Kifaransa, siku mbele, mwezi nyuma. Lori lililopimwa tarehe 5 Aprili liliandikwa 04/05, na ofisini likasomwa tarehe 4 Mei. La tarehe 12 Aprili likaenda kukaa tarehe 4 Desemba, mwezi ambao haujafika. Lakini 04/13 haiwezi kusomwa kinyume, maana hakuna mwezi wa 13. Programu ilipokwama pale iligeuza yenyewe na kupata jibu sahihi. Na 04/04 ukiisoma kutoka upande wowote ni ileile. Hakuna safari hata moja iliyopotea. Zilikuwa zimetawanyika kwenye miezi mingine, na sisi tulikuwa tukichapisha mwezi mmoja mmoja bila kuhesabu jumla. Laiti tungehesabu jumla mara moja tu, tungeziona zote.

Programu yake ilisoma tarehe kwa mtindo wa mtambo, ikairudisha kila safari kwenye siku yake, na ikatoa orodha ya kila dereva na anachodai. Niliijaribu kwa safari za Aprili nikiwa na stakabadhi mkononi. Zililingana zote.

Hapo ndipo nilipoufuta mstari ule.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini, na sitaki kujipamba. Niliona aibu kwamba karani wa siku ameliona lile ambalo mimi na miaka yangu 5 ya chuo hatukuliona. Niliogopa mkurugenzi ataniuliza: kama kijana huyu ameweza, mbona ulimkatalia? Nikaona njia ya kuliepuka swali ni kumwondoa kijana. Nikafanya kama mainjinia wale walivyomfanyia baba yangu, tena mimi niliyelelewa kwa mshahara wake.

Wenye malori walilipwa. Nikapongezwa mbele ya watu, nami nikapokea pongezi. Mwezi Julai mkurugenzi alisema kwa kuwa sasa kompyuta inahesabu vizuri, makarani wa daftari hawahitajiki tena. Akaniomba orodha. Nikaandika majina, la kijana yule likiwemo, nikatia sahihi. Programu yake ndiyo iliyomtoa kazini, na aliyetia mkono ni mimi.

Mwezi Oktoba mvua za kwanza zilikuja na radi. Umeme ulikatika wakati programu ikihifadhi, na uliporudi tukakuta faili la safari limekatika katikati, nusu yake halipo. Niliitazama ile programu upya, mara hii kwa umakini wa mwalimu. Kila ilipohifadhi, ilifuta faili zima na kuliandika tena kuanzia mwanzo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, la zamani limekwisha kufutwa na jipya halijatimia.

Udhaifu huo niliutambua kwa dakika chache, kwa sababu nilifundishwa darasani. Mwalimu wetu wa hifadhidata alitupigilia kanuni moja mpaka tukaiota: badiliko ama litimie lote, ama lisiwepo kabisa. Mtu akihamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, haifai zitoke huku na zisifike kule eti kwa sababu umeme umekatika. Nilizihamishia safari zote kwenye SQLite, hifadhidata ndogo isiyogharimu chochote ambayo huja pamoja na Python, inayoilinda kanuni ile yenyewe. Tangu hapo umeme ulikatika mara nyingi, na hakuna safari iliyopotea.

Naliweka jambo hili hapa makusudi, kwa kuwa sitaki maungamo yangu yawe fimbo ya kuvipigia vyuo. Wapo wanaowaambia vijana kwamba chuo ni kupoteza muda, simu na mega zinatosha. Si kweli. Kijana yule aliliona kosa la tarehe kwa sababu alisimama vumbini na kuwasikiliza madereva. Mimi niliuona udhaifu wa faili kwa sababu mtu alinifundisha kuogopa kitu ambacho bado hakijatokea. Simu hukufundisha unachokitafuta. Mwalimu mzuri hukufundisha pia kile ambacho hukujua kwamba kipo cha kutafutwa. Tungekaa meza moja, mimi na yeye, programu ile ingekuwa imara tangu Juni.

Tusisahau vilevile kwamba kazi hii ni kongwe kuliko diploma zake. Idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha Marekani ilifunguliwa Purdue mwaka 1962, na kufikia hapo programu zilikuwa zimetungwa kwa miaka mingi na watu wa hesabu, wa fizikia na wa umeme. Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye hadi leo wanafunzi wa kompyuta wanasoma kazi zake, alipooa Amsterdam mwaka 1957 alitaka kuandikisha kwamba kazi yake ni kutunga programu. Wakuu wa mji hawakukubali, wakasema hakuna kazi ya namna hiyo, na hati yake ya ndoa ikamtaja kuwa mwanafizikia. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Sisemi kwamba watu wale hawakusoma, walisoma sana. Nasema walipimwa kwa kazi yao, kwa kuwa karatasi ya kuwapimia ilikuwa bado haijachapishwa.

Na kwa jirani zetu wa Afrika Mashariki, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, ambaye ni mwanasheria, alitoa wazo la ramani ambayo raia wangepelekea habari za fujo kwa simu na kwa intaneti. Watunga programu waliitikia, na mwanzoni mwa 2008 ramani ikasimama. Waliiita Ushahidi. Jina lile limenikaa kichwani kwa sababu ya jambo langu mwenyewe.

Maana diploma ni nini kama si ushahidi? Ni watu fulani wanaosema: huyu tulikaa naye miaka 5, tukampa maswali, tukamwona akishindwa na akishinda, tunamshuhudia. Ushahidi huo una thamani kubwa kwa mwajiri ambaye hamjui mtu. Lakini mimi nilimjua. Nilikuwa na kazi yake mkononi, nimeijaribu, imelingana na stakabadhi hadi safari ya mwisho. Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi aliyeona kwa macho, na bado niliendelea kudai barua ya mashahidi wengine. Halafu, nilipotakiwa kusema nilichokiona, nikanyamaza. Nimekuja kuamini kwamba mara nyingi tunapouliza "una karatasi gani?" tunakwepa kazi ya kuangalia. Kusoma A0 kwenye karatasi huchukua nukta. Kuisoma kazi ya mtu huchukua saa nzima, na inakulazimu uwe tayari kujifunza kutoka kwake.

Nilimtafuta mwaka 2022, nikiwa nimekwisha kuiacha kampuni ile. Namba yake ya simu niliifuta pamoja na jina lake, kwa hiyo ilinibidi niulize kwa madereva. Nilimkuta mtaani Manika, hapahapa Kolwezi, kwenye kibanda cha kutengeneza simu, taa imefungwa kichwani, anachomelea kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Baada ya kutolewa mizani alikuwa ameshuka mashimoni msimu mmoja kuchimba pamoja na wenzake, mpaka mama yake alipolia akamwomba atoke.

Nilimwambia yote, nimesimama, wateja wakisikia. Mstari, pongezi, orodha ya Julai. Alinyamaza muda mrefu. Akazima kile chombo chake cha kuchomelea, akakiweka kando.

"Mama," akasema, "lile faili, umeme ulipokatika, halikuvunjika?"

Nikamwambia lilivunjika mara moja, Oktoba.

"Nilijua litavunjika. Kompyuta yangu haina betri, ilinivunjikia hivyo mara tatu. Nilikuwa nataka kukuuliza wewe jinsi ya kulifunga. Nilijua umesoma, utajua."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kama angenitukana. Aliujua upungufu wake mwenyewe. Alikuwa amekuja kwangu siku ile ya Juni akitafuta kazi, ndiyo, na akitafuta pia mwalimu. Mimi nilimfukuza mwanafunzi kwa kosa la kutokuwa na shule.

Nilimkalisha, au tuseme yeye alinikalisha, kwenye benchi ya wateja, nikamweleza kanuni ya badiliko linalotimia lote au lisilokuwepo. Alishika mara moja. Kabla sijamaliza kueleza alikuwa anauliza itakuwaje kama makarani wawili wanaandika kwa wakati mmoja, swali ambalo darasani kwetu lilikuja wiki zilizofuata. Nilipomwuliza nifanye nini kwa ajili yake, hakutaja fedha. Alisema, "Mama, niandikie karatasi."

Tangu hapo nimebadili namna ninavyoajiri. Kila anayeomba, awe A2 au A0, ninampa faili moja lenye ugonjwa wa kweli: tarehe zilizogeuzwa, uzito ulioandikwa kwa kilo hapa na kwa tani pale, jina la dereva mmoja lililoandikwa kwa namna tatu. Ninampa saa moja na intaneti, nami ninakaa kando yake. Ninataka kuona anauliza nini, anahesabu nini kwanza, anasema nini anapokwama. Kisha ninamwuliza: umeme ukikatika sasa hivi, tunapoteza nini? Bahasha ya karatasi ninaifungua mwisho. Wapo wa A0 wanaong'ara katika mtihani huo, na wapo wanaokaa wakisubiri mtu awape swali linalofanana na la darasani. Wapo wa A2 wanaonishangaza, na wapo wanaonakili kitu mtandaoni wasichoweza kukieleza. Herufi na namba hazikunisaidia kutabiri ni nani atakuwa yupi.

Kwa hiyo, vijana wangu, jibu langu ni hili. Ukipata nafasi na ada ya chuo, nenda, usome kwa bidii, na umwulize mwalimu yale ambayo simu haiwezi kukuambia. Huenda pia ukaihitaji karatasi ile siku ambayo mtu atakuuliza wewe ni sekretari wa nani. Ukikosa ada, usikae ukingoja. Chukua tatizo la mtu halisi, la dereva, la muuza dawa, la mama wa sokoni, ulitatue, kisha mfuate aliyesoma akuonyeshe lilipo dhaifu. Na kazi yako iwe na mashahidi: wenye kuitumia, wenye kuikagua, zaidi ya mmoja. Usiiache mezani kwa mtu mmoja kama mimi.

Nanyi mlioketi upande wangu wa meza, kitu kimoja tu: flashi iliyoko kwenye droo yako, ifungue leo.

Karatasi aliyoiomba niliiandika usiku uleule. Niliandika kwamba programu ya safari za malori, iliyomaliza ugomvi wa Machi hadi Mei 2019, ilitungwa na yeye peke yake. Kwamba mimi niliipokea nikalificha jina lake. Na kwamba aliyeajiriwa baada yangu amekubali kuurudisha mstari wa kwanza mahali pake. Nikaweka namba yangu ya simu ili yeyote mwenye shaka anipigie. Sasa kijana huyo anawatungia programu wenye malori wawili, na bado anafikiria kama ataingia chuo. Hilo ni lake kuamua.

Nilipofika chini pa kuweka tarehe, mkono wangu ulianza kuandika namba, mkwaju, namba. Nikasimama. Nikakumbuka ule mstari, jinsi alivyoiandika tarehe yake ili asitokee mtu wa kuisoma kinyume. Nikaandika mwezi kwa herufi, wote, kisha nikatia sahihi.